Sauti ya Cairo kwa Sikio la Kamuli

Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe wakisaka chanzo cha Mto Nile. Mfalme Rumanyika aliwapokea vizuri katika makao yake ya Bweranyange. Januari 1862 Speke alishika njia ya Buganda. Grant, aliyekuwa na maradhi mabaya ya mguu, akabaki Karagwe miezi kadhaa, hana pa kwenda. Katika kumbukumbu za msafara ule imo habari ya nanga, ala za nyuzi za huko, na hasa nanga moja iliyopigwa na bibi mzee. Nyuzi zake sita zililingana na ngazi ya sauti aliyoizoea Mzungu. Wa saba ukahukumiwa kuwa na kasoro.

Bibi mwenyewe hakuulizwa. Lakini mpiga nanga hakazi uzi kwa kubahatisha. Huukaza mpaka ulie anavyotaka yeye, na kwa sikio la Bweranyange uzi ule bila shaka ulikuwa sawasawa.

Siku hizi hukumu ya namna ile hutolewa na Wanyambo wenyewe, wenyeji wa Karagwe, na anayehukumiwa ni Mmisri. Kamuli ni kata ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huko kwenye migomba na mibuni, simu ya mkononi imefungua mlango kwa muziki wa dunia nzima. Mtu anasikiliza kwaya, anahamia kwenye bongo fleva, simu inaanza kujichagulia yenyewe, na mara anatokea mama mmoja mwenye miwani myeusi, nywele kazifunga kisogoni, leso mkononi, nyuma yake safu ya wanaume wa suti na fidla zao. Dakika tatu zinapita hajafungua kinywa. Anapoimba, sauti inakaa katikati ya noti mbili, mahali ambapo sikio lililolelewa na do-re-mi linaamini hapana kitu. Mbona huyu mama yuko chini ya noti? Na huu wimbo unaanza lini? Wengi hapo hutelezesha kidole wakaenda zao.

Makala haya yanawahusu wanaobaki.

Mama huyo ni Umm Kulthum. Alizaliwa katika kijiji cha Tamay al-Zahayra, kwenye delta ya Nile, katika mwaka ambao wanahistoria hawajakubaliana, wengine wakisema 1898 na wengine 1904. Baba yake, Sheikh Ibrahim, alikuwa imamu wa kijiji, na kwa kuwa kipato cha uimamu hakikutosha, aliimba kasida kwenye harusi na sherehe za dini. Mwanafunzi wake alikuwa mtoto wa kiume, Khalid. Binti alijifunza kwa kusikiliza pembeni, na siku baba alipogundua sauti aliyonayo, akaanza kumchukua kwenye ziara zake akiwa amemvalisha nguo za kiume za Kibedui, kwa sababu aliona haya kumsimamisha binti yake mbele ya wanaume. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 familia ilihamia Cairo. Tangu miaka ya 1930 redio ya Misri ilirusha moja kwa moja tamasha lake la Alhamisi ya kwanza ya mwezi, msimu hadi msimu, na kutoka Morocco hadi Iraq watu walikesha kando ya redio. Alipofariki tarehe 3 Februari 1975, umati uliojaa barabara za Cairo ulilichukua jeneza mikononi mwa waliopangiwa kulibeba, ukalipitisha mitaani mabegani, kwa njia uliyoitaka wenyewe.

Tamasha lake moja lilichukua saa tatu, nne, hata zaidi. Nyimbo zenyewe hazikuzidi tatu. Hesabu hiyo humshinda mgeni: saa nne, nyimbo tatu. Zilijazwa na nini?

Jibu liko ndani ya al-Atlal, wimbo alioutoa mwaka 1966. Maneno yake ni ya Ibrahim Nagi, daktari wa Cairo aliyekuwa mshairi na ambaye hakuishi kuyasikia yakiimbwa naye, kwani alikufa 1953. Muziki ni wa Riad al-Sunbati. Ni maombolezo ya mapenzi yaliyobomoka, mwenye kuomboleza akipita kwenye magofu yake. Wimbo ukishakolea kuna mahali ambapo anayesema anachoka kuwa mateka, anadai mikono yake ifunguliwe na uhuru wake urudishwe. Umm Kulthum hapiti pale mara moja. Kwanza anausema mstari kwa utulivu, kama anayemkumbusha mtu deni. Anaurudia, safari hii akibadilisha mwisho tu. Anaurudia tena na kulivuta neno moja juu, fidla zikimfuata kwa tahadhari maana hawajui ataliachia wapi. Ukumbi unalipuka. Anangoja kelele zitulie, halafu anarudi kwenye mstari uleule, akiubana kwa namna nyingine. Ndiyo maana rekodi ya usiku mmoja haifanani na ya usiku mwingine, na wapenzi wake hukusanya rekodi kadhaa za wimbo mmoja, wakibishana ni ipi iliyo bora.

Novemba 1967, miezi michache baada ya Misri kushindwa vita vya Juni, aliimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris, na mapato akayapeleka kwa nchi yake. Kwa wakati ule mstari wa kufunguliwa mikono haukuwa tena wa wapenzi wawili peke yao. Mshairi alikuwa kaburini miaka 14. Hakuwa ameandika siasa. Kurudia ndiko kulikoyapa maneno yake nafasi ya kubeba shehena nyingine.

Aliyezoea wimbo wa dakika tatu na nusu hudhani kwamba pale wimbo umekwama. Katika bongo fleva kiitikio hurudi kikiwa kilekile, ili msikilizaji aimbe nacho. Hapa mstari hurudi ukiwa umegeuzwa, ili msikilizaji aone upande ambao hakuuona. Akili inayosubiri kitu kipya kila baada ya sekunde kumi lazima ichoke. Anayekubali kukaa na mstari mmoja kwa dakika kumi huanza kusikia mambo.

Kuna jambo jingine linalomchanganya mtu wa Kagera hasa, nalo ni kwaya. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na tangu hapo mkoa huu umelea vizazi vya wanakwaya. Sikio la mwanakwaya linatafuta soprano, alto, teno na besi. Utamu uko pale sauti zinapokutana, besi ikishika chini na soprano ikipaa. Anaposikiliza muziki wa kale wa Kiarabu anatafuta besi yake haioni. Haipo. Mwimbaji na ala za udi, kanuni, nai na fidla wote wanapita njia moja ileile, kila mmoja kwa mwendo wake, huyu akitangulia kidogo, yule akichelewa nukta, mwingine akitia pambo. Nguvu haitoki kwenye sauti kupandana. Inatoka kwenye mstari mmoja unaochunguzwa na watu wengi kwa pamoja, na mwanakwaya akishaacha kuisaka besi huanza kuona jinsi mstari huo ulivyo mnene.

Mstari huo nao una sheria zake. Huongozwa na maqamu, yaani utaratibu wa noti pamoja na njia ya kuzipitia: wapi pa kuanzia, wapi pa kupumzika, wapi pa kuruka, wapi pa kurejea nyumbani. Yako mengi. Hijazi hutambuliwa hata na asiyejua muziki, maana watengenezaji wa filamu hawajui kuonyesha ngamia bila hiyo. Saba ina huzuni isiyofichika. Rasti na Bayati, ambazo ndizo mkate wa kila siku wa waimbaji, zina noti zinazokaa katikati ya vibonye vya kinanda. Kinanda cha kawaida hugawa okteva mara 12. Nadharia ya kisasa ya Waarabu huigawa mara 24, na wapigaji wenyewe hata hizo 24 hawazifuati kwa rula, kwa sababu noti ya tatu ya Rasti ya Cairo na ile ya Aleppo hazikai mahali pamoja kabisa.

Mwaka 1932 suala hili liliitiwa mkutano mkubwa mjini Cairo, chini ya Mfalme Fuad. Walikuwapo wanamuziki wa nchi za Kiarabu, Waturuki na Wazungu, miongoni mwao watunzi Béla Bartók wa Hungary na Paul Hindemith wa Ujerumani. Walibishana kuhusu ngazi, kuhusu robo toni, na kuhusu piano: iingizwe au izuiwe? Zilionyeshwa hata piano maalumu zilizotengenezwa ili zipige robo toni. Piano hizo hazikufika popote, na hasara haikuwa kubwa. Jambo la kufurahisha ni kwamba baadhi ya wageni wa Ulaya ndio waliosihi muziki ule uachwe ulivyo, huku baadhi ya wenyeji wakitaka uende na wakati.

Kwa hiyo noti ambayo kijana wa Kamuli anadhani imeteleza haikuteleza. Imewekwa pale kwa makusudi, na fidla zote zimekubaliana nayo.

Sasa, je, mgeni anayaelewaje haya bila Kiarabu? Watu wa Kagera ndio wa mwisho wanaopaswa kuuliza swali hili. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa mkoa huu, aliimba Maria Salome kwa Kihaya, na Tanzania nzima ikacheza. Mtwara walicheza, Kigoma walicheza, na wimbo ukavuka mipaka. Wangapi walijua anasema nini? Watu waliita wimbo ule Chambua Kama Karanga, wakajitungia maana zao, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudisha upya kwa jina la Salome. Msikilizaji wa Lindi aliyetikiswa na Kihaya mwaka 2001 alikuwa mahali palepale alipo msikilizaji wa Kamuli mbele ya Umm Kulthum. Maana huja baadaye, na ikija huongeza utamu. Tafsiri za nyimbo kubwa za Kiarabu zinapatikana kwa urahisi. Lakini kudai kwamba asiyejua lugha asikae barazani ni kuwanyima watu haki yao.

Tena mzee wa Kinyambo aliyewahi kukaa mbele ya mpiga nanga yuko karibu na Cairo kuliko mjukuu wake anavyodhani. Nanga ni ubao uliochongwa mfano wa sinia refu, na juu yake hupitishwa uzi mmoja, huku na huko, mpaka zipatikane safu saba au nane. Zamani uzi ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe. Mpigaji huimba peke yake, akisimulia habari za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Hakuna besi, hakuna alto. Kuna sauti moja na uzi unaoifuata, hadithi isiyo na haraka, na wasikilizaji wanaojua pa kuitikia. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizikusanya na kuzichambua tenzi hizi za Wahaya, Wanyambo na Wahangaza. Mmoja wa waimbaji mashuhuri wa nanga alikuwa Habibu Selemani, na jina lake tu linaonyesha kwamba ukutani baina ya nanga na Uislamu palikuwa na mlango.

Wala Waarabu wenyewe hawakuwa wageni Karagwe. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo Kafuro, si mbali na Bweranyange, wakishughulika na pembe za ndovu. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Hamed bin Ibrahim akiishi hapo kitajiri. Baadaye redio ilifupisha safari hiyo ya miezi kuwa ya kugeuza kitufe: mwaka 1954 Sauti ya Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili, siasa za ukombozi zikisafiri pamoja na nyimbo za Misri.

Anayetaka kujua mgeni anavyoweza kuuingia muziki huu mpaka ndani aende Unguja. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri kiasi cha kumtuma kijana wa Unguja, Mohamed bin Ibrahim, aende Cairo kujifunza kanuni. Hiyo kanuni ni sanduku la mbao lenye nyuzi zaidi ya sabini, zinazopigwa kwa kucha za bandia zilizovalishwa vidoleni, na chini ya kila kundi la nyuzi kuna vijipande vya chuma ambavyo mpigaji huviinua na kuvilaza ili kusogeza noti kwa kiasi kidogo sana. Ndiyo sababu ala hii inaweza Rasti ambayo kinanda hakiiwezi. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Ikhwani Safaa, chama ambacho bado kipo, na kwa miongo mingi walishikilia kuimba kwa Kiarabu. Wengi wa waimbaji na wasikilizaji hawakuwa wakiongea lugha hiyo nyumbani. Waliimba kwa kukariri, wakarekebishana matamshi, wakasikiliza santuri kutoka Misri mpaka zikachakaa.

Halafu akaja Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, yapata 1880, kwa wazazi wenye asili ya bara, Mnyamwezi na Mzigua. Hakuwa na shule, hakuwa na ukoo wa kujivunia, na kazi aliyoijua ilikuwa ufinyanzi. Alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti ambayo watu waliisikia mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini. Ali Muhsin alimfundisha uimbaji na nyimbo za Kiarabu, naye akazishika kwa sikio, mpaka akaitwa kuimba kwenye majumba ambayo awali asingeingia isipokuwa kwa mlango wa nyuma. Angeweza kuishia hapo, mgeni aliyejifunza kuigiza wenyeji vizuri. Badala yake aliichukua ile namna ya kuutafuna mstari, ile subira, zile fidla na udi, akavitia Kiswahili cha mitaa ya Ng'ambo, chenye kesi za mahakamani, dhuluma za matajiri na masengenyo ya mtaa. Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimpeleka Bombay pamoja na wenzake, akina Subeit bin Ambar wa udi na Mbaruk wa fidla, na santuri walizorekodi zikawa miongoni mwa za mwanzo kabisa kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, heshima ambayo hakumpa mwimbaji mwingine. Siti alifariki mwaka 1950, na nyimbo zake zikabebwa na Bi Kidude hadi Ulaya na Japani.

Taarab imechukua jina kutoka tarab, hali inayomshika msikilizaji wa Kiarabu pale mwimbaji anapoupata mstari. Lakini jina si kitu pekee kilichovuka bahari. Kukaa chini, kusikiliza, kuinuka kwenda kumtunza mwimbaji ubeti ulipokuchoma, yote yamo. Taarab ya kisasa, ile ya vinanda vya umeme na mipasho ambayo Bukoba na Kayanga wanaifahamu kwenye redio, imebaki na kutunza na imepunguza kusikiliza. Ina raha zake, na Khadija Kopa akishika kipaza sauti hakuna anayelala. Hata hivyo anayetoka kwenye mipasho kwenda moja kwa moja kwa Umm Kulthum atapata shida zaidi kuliko anayetoka kwenye Culture Musical Club, kikundi kilichoanza 1958, ambacho bado huweka fidla na kanuni mbele. Tangu 2002 kipo pia Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzia katika jumba la zamani la forodha Mji Mkongwe, ambako vijana hufundishwa udi, kanuni na maqamu darasani, jambo ambalo zamani lilitegemea jamaa na urafiki.

Tukirudi kwa Umm Kulthum, njia yake ilianzia kwenye Kurani. Alisoma chuoni kijijini kwao, na wajuzi wote wanaomchambua huanza na matamshi yake, jinsi kila herufi inavyopewa haki yake. Waislamu hawaiiti tilawa muziki, na ni sawa waiheshimu hivyo. Lakini sikio linajengwa huko. Sheikh Abdul Basit Abdus Samad wa Misri, aliyezaliwa 1927 na kufariki 1988, amesikika Afrika Mashariki kwa santuri, kanda na sasa simu. Asiyekuwa Mwislamu huko Kyerwa huenda ameshamsikia mara nyingi kutoka dukani kwa jirani bila kumjua jina: pumzi ndefu kupita kiasi, kimya, kisha aya inaendelea kutoka palepale ilipoachwa. Aliyewahi kusimama nje ya duka akisubiri pumzi ile iishe ameshaanza safari.

Mkristo naye asidhani yuko nje ya nyumba. Fairuz wa Lebanon, aliyezaliwa Nouhad Haddad, ni Mkristo, na nyimbo zake za Ijumaa Kuu kwa Kiarabu ni za kanisa la Mashariki lenye maqamu yake. Kwa mwanakwaya wa Kagera huenda huyu ndiye mlango mzuri kuliko wote. Ndugu wawili, Assi na Mansour Rahbani, walimtungia nyimbo fupi, nyingi za dakika tatu hadi tano, zenye piano, kwaya nyuma na hata upatanifu wa sauti. Wapenzi wakali wa muziki wa kale humlaumu kwa hayo. Kwa anayeanza ni neema.

Baada ya Fairuz ni vizuri kumjaribu Umm Kulthum kwa Alf Leila wa Leila, aliouimba 1969. Muziki wake ni wa Baligh Hamdi, kijana aliyejua midundo, na ufunguzi wake wa ala unashikika mara moja. Inta Omri ya 1964 ndiyo inayosifiwa kuliko zote, kwa kuwa ni mara ya kwanza Mohamed Abdel Wahab kumtungia, baada ya miaka mingi ya kushindana. Humo gitaa la umeme linachungulia katikati ya fidla, jambo lililowakera wahafidhina. Ni wimbo mzuri. Lakini al-Atlal una kina zaidi, na anayeujia mwisho, sikio likiwa limeshazoea kungoja, atapata faida kubwa zaidi. Anayetaka kuona mambo yanaweza kufika wapi amtafute Sabah Fakhri wa Aleppo, ambaye mwaka 1968 mjini Caracas, Venezuela, aliimba saa kumi mfululizo na kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness.

Na kwa nchi ya kahawa kama Kyerwa upo wimbo unaostahili kutajwa peke yake. Abdel Halim Hafez, kipenzi cha vijana wa Misri, alikulia katika kijiji cha delta, akapata kichocho utotoni kwa kuoga kwenye mifereji, ugonjwa ambao watu wa kandokando ya maziwa yetu hawahitaji kuelezwa. Ulimla ini polepole na kumuua London tarehe 30 Machi 1977. Mwaka mmoja kabla, akiwa tayari mgonjwa sana, aliimba Qariat al-Fingan, maneno ya Nizar Qabbani wa Syria na muziki wa Mohamed al-Mougi. Mwanamke anageuza kikombe cha kahawa, anasoma masalia yaliyoganda ndani, na kumtabiria kijana mapenzi yasiyo na njia. Alikuwa ameuhangaikia wimbo huo kwa muda mrefu, akitaka kila neno lisikike. Lakini ukumbini usiku ule watu walizidisha. Walipiga kelele, wakapiga miluzi, hawakungoja mstari umalizike. Mgonjwa yule akasimamisha kila kitu, akawakemea, akawaonyesha kwamba na yeye mluzi anaujua kwa kuupiga mbele ya kipaza sauti. Kisha akairudia kazi yake, na mwanamke akaendelea kusoma kikombe.